Aliyesoma viganja vya wakubwa

Kwetu Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kiganja cha mchimbaji mdogo hakihitaji mtaalamu wa kukisoma. Kina sugu za sururu, makovu ya mawe na vumbi la karasha lililojaa kwenye mistari. Hata hivyo wapo wanaokwenda kwa mpiga ramli kuuliza kama duara litatoa. Ramli ina njia nyingi, na ile ya viganja, kwa sura yake ya kisasa, ilivumishwa zaidi na mtu mmoja, William John Warner.

Warner alizaliwa Ireland tarehe 1 Novemba 1866. Katika kazi yake alijipa jina la Cheiro, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Baadaye akajiita Count Louis Hamon, kana kwamba katoka ukoo wa mabwana wakubwa. Alidai kwamba elimu yake aliipata India kwa makuhani wa Kihindu. Shahidi wa dai hilo ni yeye mwenyewe. Mwaka 1894 kikatoka kitabu chake kinachokieleza kiganja kama ramani, chenye mstari wa uhai, wa kichwa, wa moyo na wa majaliwa.

Wakubwa wakamiminika: Oscar Wilde, mwigizaji Sarah Bernhardt, na Mark Twain, mtu wa mzaha asiyedanganyika kirahisi, ambaye alikiri kwa maandishi kwamba Cheiro alizieleza tabia zake kwa usahihi wa kumwaibisha. Hapo tusimdharau. Naamini alijua kumsoma mtu kuliko kusoma mkono.

Simulizi iliyompa sifa zaidi ni ya Kitchener, jemadari wa Uingereza aliyewahi kufika Zanzibar mwaka 1885 katika tume ya mipaka ya Sultani. Cheiro alisimulia kwamba mwaka 1894 aliona katika kiganja chake hatari ya kufia baharini katika mwaka wake wa 66. Juni 1916 meli ya Hampshire ikazama, na Kitchener akafa wiki chache tu kabla ya kutimiza miaka 66. Inasisimua. Lakini aliyetuhadithia ni Cheiro, na mtabiri haandiki kitabu cha yale yasiyotokea.

Wasoma viganja hupenda kuegemea Ayubu 37:7, panaposemwa kwamba Mungu hutia muhuri mkono wa kila mtu. Fungua, msomaji, uanzie mstari wa sita. Habari yenyewe ni theluji na mvua kubwa, Mungu anapoifunga mikono ya watu na kazi ikasimama. Mchimbaji aliyekuta duara limejaa maji wakati wa masika anauelewa mstari huo kuliko Cheiro.

Cheiro alihamia Hollywood, Marekani, akafariki huko tarehe 8 Oktoba 1936. Wateja wake wengi walipoteza fedha tu. Huku kwetu Shinyanga na Geita, wapiga ramli waliwaelekeza wasaka dhahabu kwenye viungo vya ndugu zetu wenye ualbino, na wakawanyoshea kidole vikongwe wenye macho mekundu. Damu ilimwagika hadi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasimamisha leseni za waganga wa jadi. Na wateja wa ramli hawakutoka porini. Wengine tulikaa nao benchi moja kanisani.