Imamu Shafi na Kauli Zake Mbili

Hii ni khabari ya Imamu Muhammad bin Idris Shafi, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ambaye watu wa pwani hii tangu zamani husali, huozana na hurithiana kwa madhehebu yake. Hata Ibnu Batuta, alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta wenyeji ni Mashafii.

Alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra (767), mwaka ule ule aliokufa Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa yeye angali mchanga, na mama yake akamchukua Makka apate kukua kati ya jamaa zake Makureshi. Hawakuwa na kitu. Alipotiwa chuoni mama hakuwa na ada ya kumpa mwalimu. Lakini mtoto alikuwa akishika upesi kila wafundishwalo wenziwe, na mwalimu akiondoka yeye huwasomesha, basi mwalimu akaridhika na kazi hiyo badala ya malipo. Karatasi hakuweza kununua. Akaokota mifupa mipana akaandika juu yake, na mara nyingine akenda diwani kuomba karatasi zilizokwisha andikwa upande mmoja, akaandika upande wa pili. Waalimu wanaomrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya ada na waitazame khabari hii.

Akakaa majangwani na kabila la Hudhaili akajifunza Kiarabu chao fasihi, na kupiga mishale pia. Kisha akenda Madina kwa Imamu Malik, naye amekwisha kuhifadhi Muwatta, akasoma kwake. Na Malik akafa mwaka 179.

Ilmu peke yake haikumpa chakula. Akapata kazi ya serikali Yemen, akatumika Najrani kwa uadilifu, na uadilifu ukamletea maadui. Wakamsingizia kwamba yu pamoja na Maalawi wanaotaka kumwasi Khalifa. Mwaka 184 akapelekwa Rakka mbele ya Harun Rashid pamoja na watuhumiwa wengine, na wasimulizi husema wenziwe waliuawa. Yeye akajitetea kwa hoja, na Muhammad bin Hasan, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, akamshuhudia kuwa ni mtu wa ilmu. Akasalimika.

Mtu mwingine angalirudi kwao mbio asitazame nyuma. Shafi alikaa. Aliyefika na minyororo akageuka mwanafunzi: akatoa dinari 60 kunakilisha vitabu vya Muhammad bin Hasan, akavisoma kimoja kimoja, akibishana na mwenyewe kwa adabu. Hapo ndipo alipokutanisha Hadithi za watu wa Hijazi na kiasi cha watu wa Iraki, mambo mawili ambayo wenyewe walikuwa wakitazamana kwa dharau.

Mwaka 195 alirudi Baghdad, sasa naye ni mwalimu, na fatwa zake za huko, walizozipokea Zaafarani na Karabisi, ndizo ziitwazo kauli ya kale. Kisha akahamia Misri mwaka 199. Alikuwa karibu na miaka 50, ana jina na ana wafuasi. Akaanza tena. Akaiandika Risala mara ya pili, akapitia masala yake moja baada ya moja, na mengi akayageuza. Hii ndiyo kauli mpya, iliyomo katika kitabu cha Umm alichokipokea Rabii bin Sulaiman. Wako wasemao kwamba aligeuza kwa sababu ya hewa na desturi za Misri. Neno hilo ni jepesi mno. Aligeuza kwa sababu alitazama dalili upya, na iliyomzidi nguvu akaifuata, ijapokuwa imevunja maneno yake mwenyewe. Wala haikumpendeza kila mtu: wafuasi wa Malik walikuwa wengi Misri, na kumsikia mwanafunzi wa Malik akimkhalifu Malik kuliwaudhi sana.

Kwa kauli ya kale, zeituni ina zaka. Kwa mpya haina. Kwa kauli ya kale, mwenye kutawadha akakatiza kati bila udhuru hata kiungo kikakauka, udhu wake haufai. Kwa mpya wafaa, ila ameacha suna.

Alikufa Misri mwishoni mwa Rajabu mwaka 204 (820), akazikwa Karafa, wakabaki Buwaiti na Muzani na Rabii kueneza ilmu yake. Naye alikuwa amewausia kwamba Hadithi ikisihi ndiyo madhehebu yake. Basi wanavyuoni waliokuja nyuma, akiwamo Imamu Nawawi katika Minhaji, hawakuogopa kuirudia kauli ya kale mahali ilipokuwa na nguvu. Katika kauli mpya, wakati wa Magharibi ni mfupi, kadiri ya kujitengeneza na kusali. Katika ile ya kale waendelea mpaka wekundu wa mbingu uzame, na Hadithi sahihi iko upande huo. Kwa hiyo baharia aliyechelewa kuteremka jahazini, akadiriki kusali kabla ya wekundu kwisha, sala yake ni adaa wala si kadha, kwa kauli ile aliyoiacha Imamu Baghdad.