Sebestyén Tinódi: Ripota wa vita aliyetembea na ala ya nyuzi badala ya kalamu tu

Mwaka 1552 jeshi kubwa la Waturuki liliizingira ngome ya Eger, kaskazini mwa Hungaria, kwa zaidi ya mwezi mmoja. Ndani walikuwemo watu wapatao 2,000 tu, pamoja na wanawake na watoto, chini ya kamanda István Dobó. Hawakusalimu amri. Waturuki ndio walioondoka.

Muda mfupi baadaye alifika mtu mmoja na kuanza kuwahoji walionusurika: nani alisimama ukuta gani, nani alikufa, mizinga ilipiga wapi. Huyo ni Sebestyén Tinódi, maarufu kwa jina la Lantos, yaani mpiga luti. Majibu aliyoyapata aliyageuza wimbo.

Enzi hizo wengi hawakujua kusoma, na magazeti hayakuwepo. Habari ilisafiri kwa mdomo, na ukiipa sauti na nyuzi inakaa kichwani.

Luti yenyewe ni ndugu wa karibu wa udi, ule ule wa taarab. Waarabu waliupeleka udi Ulaya, na huko ukazaa luti. Kwa hiyo Tinódi aliimba vita dhidi ya Waturuki kwa ala iliyotoka kwa Waislamu! Ndugu mwingine, koboz, bado hucharazwa kwenye ngoma za Wahungari wa Moldavia, na vijana wa Budapest wameuchangamkia tangu vuguvugu la táncház, yaani nyumba za dansi, lilipoanza 1972.

Tinódi alizaliwa mnamo 1510. Alikuwa mtu wa nyumbani kwa bwana mkubwa Bálint Török, maisha yakaenda vizuri. Mwaka 1541 Sultani Suleiman akauteka mji wa Buda na kumkamata Török, ambaye alipelekwa Istanbul na hakurudi tena.

Tinódi akabaki bila bwana. Ikawa ni kuhama ngome hadi ngome, kuomba chakula, kuimba, kusonga mbele. Baadaye alipata makazi Kassa, mji ambao leo ni Košice, Slovakia, akaishi huko na familia yake, lakini safari hazikuisha.

Ubahili wa wenyeji ulimkera kweli kweli. Alitunga wimbo mzima kuwasema wasimamizi wa majumba na watunza funguo za ghala, wale wanaomnyima mgeni divai nzuri. Mwingine unawachambua walevi wa kila aina.

Tukubali ukweli, hakuwa malenga wa kutisha. Mistari yake mingi inaishia na neno lile lile, vala, lenye maana ya "alikuwa", mpaka msomaji anachoka. Ila kwenye ukweli wa habari hakuwa na mchezo. Alisisitiza kwamba hakuandika uongo kwa sababu ya zawadi, urafiki wala woga. Kwa mtu anayekula kwa hisani ya mabwana anaowaimba, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1553 Mfalme Ferdinand wa Kwanza alimpa hadhi ya ukabaila. Mwaka uliofuata kitabu chake, Cronica, kikachapwa Kolozsvár, mji uliopo Romania leo, pamoja na noti za muziki. Shukrani kwa noti hizo, tuni zake zaidi ya 20 zipo hadi leo, na watafiti wa karne ya 20 walikuta nyimbo za wakulima zenye undugu nazo. Hata Géza Gárdonyi, alipochapisha riwaya yake maarufu kuhusu Eger mwaka 1901, alimweka Tinódi ndani kama mhusika.

Alifariki mwishoni mwa Januari 1556 huko Sárvár, kwenye himaya ya Tamás Nádasdy. Mtumishi mmoja wa Nádasdy alimwandikia bwana wake barua kumpa taarifa: Tinódi ameudharau muziki wa duniani, amekwenda kwa malaika kujifunza ulio bora zaidi.