Buster Keaton, Mchekeshaji Asiyecheka

Katika siku za sinema zisizo na sauti walitokea wachekeshaji wengi, lakini Buster Keaton alikuwa wa namna ya peke yake. Watazamaji walivunjika mbavu kwa kucheka, na uso wake yeye ukabaki mkavu.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba, 1895, katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, Marekani. Wazazi wake walikuwa wachezaji wa jukwaani waliosafiri mji hata mji, naye akaingia mchezoni angali mtoto mdogo. Baba yake alimrusha huku na huku kama furushi. Huko ndiko alikojifunza mambo mawili: namna ya kuanguka bila kuumia, na ya kuwa akicheka yeye, watu huacha kucheka.

Mwaka 1917, mjini New York, Roscoe Arbuckle alimwingiza katika sinema. Tangu mwanzo Buster alitaka sana kujua jinsi kamera inavyofanya kazi. Mwaka 1920 akapewa studio ya kuongoza apendavyo, na kufikia 1923 alikuwa ametengeneza picha fupi 19, nyingi za dakika ishirini hivi. Katika mojawapo, One Week ya 1920, bwana na bibi arusi wanajenga nyumba iliyoletwa vipande vipande masandukuni. Adui yao amebadili namba za masanduku; basi mlango unatokea juu ukutani, na dhoruba inaizungusha nyumba kama pia.

Mizaha hiyo ilipigiwa hesabu kwanza. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, naye anapona kwa kuwa amesimama mahali penye nafasi ya dirisha. Ukuta ule ulikuwa mzito kwelikweli. Kosa la hatua moja lingemwua.

Mwaka huohuo alikubali kuandikwa kazi na kampuni kubwa ya MGM, ingawa rafiki zake, akiwamo Charlie Chaplin, walimwonya. Huko wengine ndio walioamua picha zake ziweje. Ulevi ukamshika, na mwaka 1933 akafukuzwa. Hata hivyo aliendelea kufanya kazi ndogo ndogo kwa miaka mingi, mpaka picha zake za zamani zikapendwa tena. Mwaka 1960 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Alifariki tarehe 1 Februari, 1966.

Maisha yake yatufundisha kwamba hata mzaha wataka bidii, na kwamba fundi asiuze upesi uhuru wa kazi yake.