Adriano Atiman, Daktari wa Karema

Wakimbizi wanapofika magharibi mwa nchi yetu, wengine huwaona mzigo. Tumkumbuke Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika walimkomboa Algeria, wakamsomesha udaktari Malta. Mwaka 1889, akitoka pwani kwa njia ya misafara, alifika Karema, Ziwa Tanganyika. Humo, boma la zamani la Wabelgiji, lililokabidhiwa kwa misheni mwaka 1885, lilikuwa kimbilio la watu waliokimbia vita na wateka watumwa. Atiman aliwatibu na kuwafundisha dini, akabaki huko hadi kufa kwake mwaka 1956. Hakuwa padre, alioa, na mwanawe Yosefu akapewa upadre. Nasi waseminari tujiulize: tukimfukuza mkimbizi mlangoni, tunamfukuza daktari wa nani?