Enrico Fermi, Mjenzi wa Kinu cha Kwanza cha Nyuklia

Ndugu wanafunzi, elimu huchukuliwa popote ilipo, hata kwa asiyekuwa wa dini yetu. Enrico Fermi ni mmoja wa watu wenye mengi ya kutufunza, mazuri yake na mazito yake.

Alizaliwa Roma, Italia, tarehe 29 Septemba 1901. Mwaka 1938 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yake juu ya nyutroni. Mwaka huohuo serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na mkewe Laura alikuwa Myahudi. Walikwenda Stockholm kupokea tuzo, na kutoka hapo wakahamia Marekani.

Huko alipewa kazi ya kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia, bila kompyuta ya kumsaidia. Nyutroni ikipasua atomi ya urani, hutoka nyutroni nyingine. Je, zitatosha kuendeleza mpasuko? Fermi hakutegemea karatasi peke yake. Alijenga marundo madogo ya majaribio, akapima, akasahihisha hesabu, akapima tena. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, fimbo ya kuzuia mpasuko ilivutwa kidogo kidogo, naye akikokotoa kila hatua. Kinu kikawaka kama alivyokadiria.

Septemba 1944, kinu kikubwa cha Hanford kiliwashwa, kisha kikafifia chenyewe. Ikagundulika kwamba mpasuko huzaa zenoni, gesi inayomeza nyutroni. Kiliokolewa na wahandisi waliokuwa wameacha nafasi za urani kuliko hesabu zilivyotaka. Ndiyo maana leo programu za kompyuta hazikokotoi nyutroni peke yake. Hukokotoa pamoja nazo joto, mtiririko wa maji na mabadiliko ya fueli, kwani kila kimoja hugeuza kingine.

Lakini plutoni ya Hanford ndiyo iliyoangamiza Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, na urani nyingi ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la ndugu zetu Wakongo. Mwaka 1949 Fermi, pamoja na Isidor Rabi, aliiandikia serikali kupinga bomu la haidrojeni kwa sababu ya uovu wake. Hata hivyo, baadaye alishiriki katika hesabu zake. Alifariki Chicago kwa saratani tarehe 28 Novemba 1954, akiwa na miaka 53.

Ewe unayesomea uhandisi au kompyuta, elimu ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Pima hesabu yako kabla ya kuitegemea. Na kabla ya kuikabidhi, uliza itakwenda kufanya nini, maana ikishatoka mkononi mwako, kuirudisha ni vigumu.

Wabillahi tawfiq.