MAMA ALIYEMTOA MFALME KITINI

Bila shaka mmewahi kumsikia Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria aliyeikosesha serikali usingizi kwa saksafoni yake. Leo siandiki habari za Fela. Naandika habari za mama yake mzazi, Funmilayo Ransome-Kuti, ambaye kwa maoni yangu alikuwa simba kumpita mwanawe.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1900 katika mji wa Abeokuta, kwa Waegba, ambao ni tawi la Wayoruba. Mwaka 1914 shule ya sekondari ya mji huo, iliyokuwa ya wavulana watupu, ilifungua mlango kwa wasichana, naye akawa miongoni mwa wale wa kwanza kabisa kuingia. Mwaka 1919 akapanda meli kwenda kusoma Uingereza. Aliporudi mwaka 1922 alikuwa ameyatupa majina yake ya Kizungu, Frances na Abigail, akabaki na la Kiyoruba. Mwaka 1925 aliolewa na Kasisi Israel Ransome-Kuti, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile. Mume huyu alimuunga mkono mkewe mpaka alipofariki mwaka 1955, jambo ambalo si haba hata siku hizi.

Mwaka 1932 Funmilayo alianzisha klabu ya akina mama. Msidhani ilikuwa klabu ya vita! Wanachama walikuwa wanawake wachache waliosoma, wakikutana kushona, kupika na kufundishana adabu za mezani. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1940, mama mmoja wa sokoni alipoomba afundishwe kusoma. Alifundishwa, wakaja wenzake, na humo darasani wale mabibi wa mjini wakaanza kusikia yaliyokuwa yakiwapata wanawake wa sokoni. Kumbe wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mchele wao ulikuwa ukichukuliwa kwa nguvu, wakilipwa bei ya chini kabisa au wasilipwe kitu! Mwaka 1945 habari hizo zilitolewa gazetini, na baada ya siku chache tu unyang'anyi ukakoma. Mwaka 1946 klabu ikabadilishwa ikawa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, wenye wanachama wapatao 20,000. Funmilayo akaacha gauni za Kizungu na kuvaa nguo za Kiyoruba kama wenzake, na alipokutana na maofisa wa Kiingereza alizungumza Kiyoruba. Kazi ya kutafuta mkalimani ikawa yao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, nalo ni kodi. Tangu mwaka 1918 wanawake wa Abeokuta walikuwa wakitozwa kodi kwa kichwa chao wenyewe, mbali na ile ya waume zao. Msichana alianza kutozwa akiwa na miaka 15, mapema kuliko mvulana. Hebu fikiria: katika malalamiko yao wanawake walieleza kwamba watoza kodi waliwavua wasichana nguo ili watazame kama wameshakua. Asiyelipa alipelekwa kortini. Na huku akitozwa hivyo, mwanamke hakuwa na kiti barazani wala kura. Alilipa akanyamaza.

Mtu angelalamika aliambiwa ati huo ndio utawala wa mila, mfalme ndiye msemaji wa mwisho. Mfalme wa Waegba huitwa Alake, na wakati huo alikuwa Ademola wa Pili. Hapa ndipo ninapompenda mama huyu zaidi, kwa sababu hakukubali kwamba hiyo ilikuwa mila. Zamani Alake hakutawala peke yake. Kulikuwa na mabaraza ya wazee yaliyoweza kumpinga, na wanawake walikuwa na mkubwa wao mwenye cheo cha Iyalode. Mwaka 1864 cheo hicho alipewa Tinubu, mfanyabiashara tajiri aliyesaidia kuupatia mji silaha za kupigana na jeshi la Dahomey. Waingereza walipoufuta uhuru wa Waegba mwaka 1914, walitaka mtu mmoja wa kupokea amri na kukusanya kodi. Basi wakamfanya Alake kuwa mamlaka ya pekee, na wanawake wakabaki nje ya mlango. Kisha jambo hilo jipya likavikwa kanzu kuukuu na kuitwa mila.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kushangaa. Wakikuyu, kwa mfano, hawakuwa na machifu kabla ya wakoloni. Sheria ya mwaka 1902 ndiyo iliyowapa wakoloni uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji, na baada ya miaka michache watu walikuwa wakiwataja kana kwamba walikuwapo tangu enzi za mababu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inatangaza kuwa sheria ya mila isiyopatana nayo ni batili. Vyema. Lakini kabla ya kufika huko kuna swali la kwanza, ambalo Funmilayo aliliuliza: hiyo mila yenyewe ni ya nani, na ilianza lini?

Mwaka 1947 alikwenda London na wajumbe wa chama cha NCNC kilichoongozwa na Nnamdi Azikiwe, akiwa mwanamke pekee katika msafara. Huko akaandika gazetini kwamba wanawake wa kwao walikuwa na mali, biashara na sauti katika utawala kabla ya ukoloni kuwanyang'anya. Makala hiyo ilizua kelele Nigeria, na baadhi ya wakubwa wakamwona mwongo.

Hakuwa mtu wa makelele matupu. Umoja wake ulimwajiri mhasibu akavikagua vitabu vya hesabu vya utawala wa Alake, kisha ukapendekeza kampuni za kigeni ndizo zitozwe kodi badala ya mama muuza mboga. Serikali ilipokataa kutoa ruhusa ya maandamano, wao wakasema wanakwenda mandari, au wana sherehe! Aliwafundisha hata namna ya kujikinga na gesi ya kutoza machozi. Yeye mwenyewe alikataa kulipa kodi, akashtakiwa.

Mwisho wa Novemba 1947 maelfu ya wanawake waliizingira ikulu ya Alake wakakesha nje wakiimba nyimbo za kumkejeli. Mwezi wa Desemba wakarudi, safari hii zaidi ya 10,000. Wole Soyinka, mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, alikuwa mtoto wakati huo, na ameyasimulia mambo hayo katika kitabu chake Aké. Mama yake alikuwa katika harakati hizo.

Wanaume wengine walijaribu dawa ya zamani. Kwa Wayoruba kuna Oro, ibada ya wanaume ambayo ikitoka wanawake hujifungia ndani, na ole wake atakayechungulia. Walipoitoa ili kuwatawanya akina mama, inasimuliwa kwamba Funmilayo aliikamata fimbo ya Oro mikononi mwao akaenda nayo nyumbani. Kama ni kweli yote sijui, lakini wanawake hawakutawanyika. Na nataka mwone kwamba Oro ilikuwa mila ya kweli, si ya kubuniwa na Mwingereza. Kwa hiyo hakuishia kupinga mila bandia tu. Hata ile halisi, ikitumiwa kama rungu, aliipinga.

Mwaka 1948 kodi ya wanawake ilisimamishwa na Alake akaondoka mjini. Tarehe 3 Januari 1949 akajiuzulu rasmi. Baraza jipya liliundwa na wanawake wanne wakapata viti, Funmilayo akiwamo. Sitawaficha: mwisho wa mwaka 1950 Alake alirudishwa kitini. Lakini ile mamlaka ya mtu mmoja ilikuwa imevunjika.

Baada ya hapo aliunda umoja wa wanawake wa Nigeria nzima, akidai kura kwa kila mwanamke. Ilikuwa kazi ndefu, kwani wale wa kaskazini waliipata mwaka 1976. Aligombea viti akashindwa, akasafiri mpaka China, na serikali ikakataa kumpa pasipoti mpya. Mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Amani ya Lenin.

Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi walivamia nyumba ya Fela jijini Lagos. Ajuza huyo wa miaka 76 alikuwamo, wakamtupa nje kupitia dirisha la ghorofani. Hakupona tena. Alifariki tarehe 13 Aprili 1978, na siku ya mazishi yake wanawake wa Abeokuta walifunga masoko.