Bibi Hélène na Mashindano ya Mto Seine

Tarehe 28 Aprili mwaka wa 1868, katika mji mkubwa wa New York nchini Marekani, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Helen. Baba yake, Henry Barbey, alikuwa tajiri, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Lorillard, watu waliopata mali nyingi kwa biashara ya tumbaku. Helen hakulelewa kwa shida, wala hapakuwa na mtu aliyemtazamia kufanya kazi ya ubaharia.

Mwaka wa 1891 aliolewa na Hermann de Pourtalès, mtu wa Uswisi, aliyekuwa zamani kapteni wa askari wa farasi katika jeshi la Prussia. Mume huyo alimzidi miaka 21. Tena alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza, akaachiwa watoto. Mmoja wao aliitwa Guy, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa lugha ya Kifaransa. Basi Helen akaingia katika nyumba yenye watoto tayari, na jina lake likawa Hélène de Pourtalès.

Uswisi ni nchi isiyo na bahari. Imezungukwa na nchi nyingine pande zote, lakini ina maziwa makubwa, na watu wake hujifunza huko kuendesha vyombo vya tanga. Jamaa ya Pourtalès walikuwa na chombo kidogo, jina lake Lérina. Mwaka wa 1900 walikipeleka Ufaransa kushindana.

Mwaka huo palikuwa na Maonyesho makubwa ya Ulimwengu katika mji wa Paris, na Michezo ya Olimpiki ya pili ilifanywa pamoja nayo. Michezo ya kwanza ya zamani hizi ilikuwa imefanywa Athens mwaka wa 1896, na hapo hakushindana mwanamke hata mmoja. Mfaransa Pierre de Coubertin, aliyeianzisha, aliona kuwa mashindano hayo ni ya wanaume, na ya kuwa haifai wanawake kuyaingia. Lakini mwaka wa 1900 mambo mengi yalikuwa mikononi mwa wakuu wa Maonyesho. Michezo ilitawanyika huku na huku kwa muda wa miezi mitano na zaidi, hata washindani wengine hawakujua kwamba wamo katika Michezo ya Olimpiki.

Mashindano ya vyombo vya tanga yalifanywa penye mji mdogo wa Meulan, kando ya mto Seine, chini ya Paris. Vile vikubwa tu ndivyo vilivyopelekwa baharini, huko Le Havre. Kuendesha tanga mtoni si kazi nyepesi. Nafasi ni haba, na miti na nyumba za ukingoni huzuia upepo. Tena maji hayatulii: chombo kikielekea yanakotoka, mkondo hukirudisha nyuma, na upepo ukitoka mbele hapana budi kubisha, yaani kwenda upande huu kisha upande huu, na kugeuza kila mara kabla ya kugonga ukingo. Wakati huo baharia mzembe hupoteza mwendo wote alioupata.

Siku ya kwanza, tarehe 20 Mei, upepo ulikuwa dhaifu sana. Vyombo vingi vilishindwa kumaliza safari kwa saa zilizowekwa, na baadhi vilitolewa katika mashindano kwa kuwa watu wake walitumia nguvu nyingine isiyo ya tanga.

Tarehe 22 Mei ikawa zamu ya vyombo vya tani moja hadi mbili, na safari yao ilikuwa ya kilometa 19. Katika Lérina walikuwamo watu watatu: Hermann, mwenye umri wa miaka 53, Bernard, mwana wa ndugu yake, na Hélène, mwenye miaka 32. Chombo kidogo hakina nafasi ya abiria. Uzito wa kila mtu ni lazima uhamishwe kwa wakati wake ili chombo kisilale upande mmoja, na kila kamba ina mtu wa kuishika. Lérina ikapita vyombo vya Wafaransa, ikashinda. Siku tatu baadaye vyombo vya tani hizo vilishindana tena. Safari hii chombo cha Wajerumani, Aschenbrödel, kilikuwa cha kwanza, na Lérina ikawa ya pili.

Hélène hakuvikwa nishani ya dhahabu. Desturi ya kuwapa washindi dhahabu, fedha na shaba ilianza mwaka wa 1904. Lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inamhesabu kuwa mwanamke wa kwanza kushinda katika Michezo hiyo. Mwezi wa Julai mwaka uo huo Mwingereza Charlotte Cooper alishinda katika tenisi, akawa mwanamke wa kwanza kushinda peke yake. Washindani wa mwaka huo walihesabiwa 997, na wanawake miongoni mwao walikuwa 22 tu.

Hermann alikufa mwaka wa 1904, akamwacha Hélène mjane. Naye akaishi miaka mingi baada yake, akaona vita vikuu viwili, akafa Geneva tarehe 2 Novemba 1945.

Mlango alioupita haukufunguka wote mara moja. Wanawake waliongezwa kidogo kidogo, mchezo mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi kwa ubishi mwingi. Hata mwaka wa 2024 Michezo iliporudi Paris, nafasi za wanawake ziliwekwa sawa na za wanaume. Ilikuwa imepita miaka 124 tangu siku ile ya Mei, ambapo mwanamke mmoja aliingia chomboni pamoja na mumewe na mwana wa ndugu wa mumewe, wakafanya kazi moja, wakashinda pamoja.